UZI: Nilivyokwenda peke yangu kwenye tamasha la muziki Reykjavik, mji wa baridi na upepo (kwa wana Mtwara na Lindi mnaouliza)

#1 BintiMikindani

Habari zenu wana Kusini. Ntwara kuchele!

Tangu nirudi nyumbani naulizwa swali moja kila mahali, harusini, msibani, hata sokoni nikichagua dagaa: "Eti ni kweli ulipanda ndege peke yako kwenda kusikiliza muziki?" Ni kweli. Nimeona niandike hapa kwa kirefu, mwenye nia ajue vya kujiandaa, na mwenye shaka anisome mpaka mwisho.

Nilikuwa Norwei nasoma shahada ya uzamili, mji mdogo unaitwa Ås, kusini ya Oslo. Kuna tamasha linaitwa Iceland Airwaves, linafanyika Reykjavik, mji mkuu wa Aisilandi, kila mwaka mwanzoni mwa Novemba. Nililisikia kwa mwenzangu wa darasani, nikaanza kuweka akiba tangu Machi 2023 kwa kazi ya usafi niliyokuwa nafanya jioni. Kutoka Oslo ni chini ya saa tatu angani. Wenzangu wawili tulipanga twende wote. Mmoja akapata zamu kazini, mwingine fedha ikamshinda. Nikabaki na tiketi mkononi, na ni wiki hiyo ndipo nilipoamua: naenda.

Nianze na upepo, maana ndio utakaokupiga kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi ni mtoto wa pwani. Kusi naijua, kaskazi naijua. Babu alikuwa akitoka alfajiri anatazama mdomo wa ghuba, anasema leo ngalawa haziendi, na kweli haziendi. Nilipoambiwa Reykjavik kuna upepo nikasema huyo ni ndugu yangu. Lakini upepo wetu hata ukivuma namna gani, nyuma yake kuna joto. Ule wa kule unatoka baharini moja kwa moja na mvua inakuja kwa ubavu, inakuingia sikioni, inakuingia kwenye mkono wa koti. Mwamvuli hausaidii kitu. Wenyeji hawaubebi kabisa, na ukiona mtu anahangaika na mwamvuli uliogeuka ndani nje, ujue ni mgeni.

Kipimajoto hakitishi. Novemba huwa kati ya nyuzi 0 na 5 hivi. Ila chukulia nyuzi 2 na upepo wa mita 15 kwa sekunde (kule wanapima hivyo, ni sawa na kilomita 54 kwa saa): mwili wako utahisi kama uko nyuzi 6 chini ya sifuri. Kwa hiyo ukitazama utabiri, anza na upepo, joto baadaye. Idara yao ya hali ya hewa inatoa tahadhari kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Ikiwa ya chungwa, kaa ndani.

Usiku wa kwanza nilikosea. Nilivaa suruali ya jinzi, fulana ya pamba, sweta ya pamba, na koti nene nililozoea kulivaa Ås. Koti lilikuwa zito lakini halizuii upepo. Nikafuata barabara ya ufukweni mpaka Hafnarhús, jengo lililokuwa ghala la bandari na sasa ni makumbusho ya sanaa. Ndani kulikuwa na joto, tukacheza, nikatoka jasho. Kufika saa saba usiku natoka nje, ile pamba yote imelowa jasho, na upepo unanisubiri mlangoni.

Simu ilikuwa na chaji asilimia 30. Nikaitoa kutazama njia, ikazima hapo hapo. Baridi inaua betri, na mimi sikulijua hilo. Nikafika nyumba ya wageni kwa kukumbuka njia, ndipo nikakumbuka kwamba namba ya kufungulia mlango imo ndani ya simu. Taa za mapokezi zimezimwa. Nikasimama kwenye ile kona ya mlango, nimejikunyata, mikono kwapani, nahesabu. Nilihesabu mpaka mia tisa na kitu. Vidole vilikuwa havikunji tena.

Wakaja wasichana wawili waliokuwa wakitoka ukumbi mwingine. Mmoja aliponiona hakuuliza jina, alifungua mlango, akanivuta mpaka jikoni. Nikakimbilia bomba la maji ya moto, akanishika kiganja: hapana, uvuguvugu kwanza. Akakaa ameshika mikono yangu ndani ya beseni mpaka kidole kidogo kilipoanza kuuma. Alikuwa Mpolandi, anafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Nilimwambia kwetu nasi ni watu wa samaki. Tulikaa mpaka saa tisa.

Kesho yake nikajua la kufanya, na ndilo ninalowapa ninyi. Nguo ya ndani kabisa iwe ya sufu, siyo pamba. Pamba ikilowa inakushikia baridi mwilini. Juu yake sweta. Juu ya yote koti jepesi lisilopitisha upepo wala maji, lenye kofia inayofungwa kwa kamba. Mzula unaofunika masikio. Glavu pea mbili. Pawabenki iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, simu nayo hivyo hivyo. Na namba ya mlango iandike kwenye karatasi.

Sasa muziki wenyewe, ambao ndio ulionipeleka.

Tamasha lile halina uwanja mmoja. Unavishwa bangili ya kitambaa mkononi, halafu mji mzima wa kati ndio ukumbi: baa, jumba la zamani la maonyesho linaloitwa Iðnó, makumbusho, makanisa. Unatembea kwa miguu, dakika tano, dakika kumi, kutoka ngoma moja hadi nyingine. Jioni ya pili niliingia Fríkirkjan, kanisa la mbao kando ya bwawa la Tjörnin. Nyumba nyingi za zamani za Reykjavik zimevikwa mabati, siyo paa tu, hadi kuta, kwa sababu ya hiyo mvua ya ubavu, na kanisa hilo nalo ni hivyo. Nikakaa benchi la tatu kutoka nyuma. Dada mmoja akasimama mbele na gitaa, akaimba kwa lugha yao. Sikuelewa neno. Katikati ya wimbo mvua ikapiga bati.

Ninyi mnaijua sauti hiyo. Mvua kwenye bati, usiku, watu wamenyamaza. Nilifumba macho nikawa nyumbani kwa bibi mzaa mama, Kitangari. Yule dada hakuongeza sauti kushindana na mvua. Alipunguza. Watu wote tukainama mbele kidogo, kama waliovutwa na uzi mmoja, kumsikia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi vizuri. Baada ya mavuno, kiangazi, alikuwa akitoka kwa miguu kufuata sindimba vijiji vya mbali, mara na wenzake, mara peke yake, unga kwenye kitambaa, anakaa siku mbili tatu. Mapiko, ngoma ya vinyago, yakisikika ng'ambo ya bonde, harudi mpaka yaishe. Hakuna aliyemwita mhuni. Waliokuwa wakimsema walisema "huyu anapenda ngoma" basi. Mimi nimefanya alichofanya bibi, njia tu ndiyo ndefu zaidi.

Nitaendelea. Ulizeni.

#2 MtuWaNewala

Dada umenigusa ulipotaja Kitangari. Sisi wa juu huku tunajua upepo unaokata. Mwezi wa sita na wa saba, ukisimama pale Shimo la Mungu asubuhi ukitazama bonde la Ruvuma, ukungu uko chini yako na upepo unapanda ukutani unakuja usoni. Watu wa Mtwara mjini wakija msibani na shati moja tunawahurumia, tunawapa mablanketi.

Swali: mtu aliyezoea baridi ya Newala atamudu kule?

#3 BintiMikindani

Kaka, atamudu, na atakuwa na heri kuliko mimi niliyelelewa chini huku kwenye mikoko. Newala inakufundisha jambo moja la msingi: ukiwa mlimani unavaa kabla hujasikia baridi. Mimi nilisubiri niisikie. Tofauti ni mvua na giza. Mwanzoni mwa Novemba jua linachomoza saa tatu na robo asubuhi na linazama saa kumi na moja na dakika chache jioni. Ukilala sana unaamka siku imeshaisha.

#4 MzeeWaShangani

Binti yangu, nimesoma yote, na umeandika vizuri. Lakini niseme kama mzazi. Mtoto wa kike, usiku wa manane, peke yake, nchi ya watu, mlango umefungwa. Kama wale wasichana wasingetokea? Bibi yako alikwenda vijiji ambavyo kila nyumba ya pili ina shangazi au binamu. Wewe kule ulikuwa na nani? Nisingekukataza kusafiri. Ningekuambia tafuta mwenzio au subiri mwakani.

#5 BintiMikindani

Shikamoo mzee wangu.

Ulilosema ni kweli na mama naye alilisema hilo hilo kwenye simu, kwa ukali kuliko wewe. Kuhusu bibi umenifikirisha, sitabisha: alikuwa na shangazi kila kituo, mimi sikuwa naye. Kwa hiyo nilitengeneza wa kwangu. Kila jioni kabla ya kutoka nilimwandikia kaka yangu hapa Mtwara kumbi nitakazoingia na saa nitakayorudi. Sisi tuko mbele yao kwa saa tatu, kwa hiyo nilipokuwa narudi saa saba usiku, kwake ilikuwa saa kumi alfajiri, anaamkia kazini bandarini. Alikuwa anasubiri neno moja tu: "nimefika." Usiku ule simu ilipozima alikesha. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko hata koti. Kuanzia usiku wa pili niliazima simu ya mapokezi au ya mwenzangu wa chumbani kama yangu ina mashaka.

Nilichagua chumba cha wanawake wanne, kilicho dakika chache kutoka kumbi zote. Sikunywa kitu ambacho sikukifungua mwenyewe. Sikupanda gari la mtu. Barabara zina taa na watu wanatembea usiku kucha wiki ya tamasha, wazee kwa vijana, hata akina mama wa umri wa mama yangu wamevaa masweta yao ya sufu wanatoka ukumbi huu wanaingia ule.

Kusubiri mwakani, mzee, mwakani ningekuwa nimeshamaliza masomo na niko hapa. Toka Ås nauli niliimudu. Toka Mtwara nisingeimudu.

#6 MzeeWaShangani

Marahaba. Moyo wangu bado haujatulia, lakini la kaka nimelipenda. Endelea, nasoma.

#7 MamaZuhura

Shoga yangu hongera. Mimi nauliza ya kwetu wanawake wa Kiislamu. Swala uliifanyaje na hizo saa zao? Chakula? Na nimesikia wanaoga wote pamoja kwenye madimbwi ya maji ya moto, ni kweli?

#8 BintiMikindani

Mama Zuhura, maswali yako yote mazuri.

Swala: adhuhuri inaingia baada ya saa saba mchana, na magharibi saa kumi na moja na dakika, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana karibu karibu. Niliweka programu ya saa za swala kwenye simu. Ukiwa safarini unaruhusiwa kukusanya, nami nilikusanya.

Chakula ni ghali kweli kweli, jiandae. Mimi nilinunua vitu Bónus, duka la bei nafuu, nikapika jikoni kwenye nyumba ya wageni. Kuna soseji maarufu sana mjini ambazo kila mgeni anaambiwa ale. Zina nyama ya kondoo kwa wingi lakini zimechanganywa na ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo ziache. Samaki ndio kimbilio. Wana samaki wa kukaushwa anaitwa harðfiskur, chewa au aina nyingine, anatundikwa kwenye upepo mpaka anakuwa mkavu kama ubao. Wanamchana vipande kwa mikono wanapaka siagi. Nilipofungua ile pakiti, harufu ilinirudisha Mikindani, ng'onda waliotandazwa kwenye chanja. Sisi tunamkausha kwa jua, wao kwa upepo, lakini mkono unaomchana ni mmoja: unashika mkia, unavuta kwa uzi wa nyama, anafunguka. Nilimwonyesha yule Mpolandi namna ya kumchana bila kumvunja akashangaa nimejifunza wapi.

Maji usinunue. Ya bomba baridi ni matamu na salama kunywa. Ya moto yana harufu ya yai kwa sababu mengi yanatoka chini ya ardhi yakiwa yamechemka tayari, ndiyo wanayopashia joto nyumba zao pia. Usishtuke.

Madimbwi: ndiyo, ni kweli, na nitakueleza kwa uwazi. Ni mabwawa ya manispaa, yako nje, wazi, na pembeni kuna vidimbwi vya maji ya moto nyuzi 38 mpaka 44. Wanawake wana chumba chao, wanaume chao. Kabla ya kuingia ni lazima uoge kwa sabuni bila nguo yoyote, kuna mhudumu anasimamia, kwa kuwa dawa wanayotia majini ni kidogo. Hapo wengi wetu tunakwama. Niliuliza mapokezi kama kuna bafu lenye mlango, wakanionyesha. Kwa hiyo uliza, usiogope. Kisha nikavaa vazi la kuogelea la kufunika mwili na hakuna aliyenitazama mara mbili. Juu upepo unavuma, mvua inakupiga kichwani, mwili uko kwenye maji ya moto mpaka shingoni.

Na kule kwenye maji ndiko baraza lao liliko. Sisi tunakaa kwenye baraza la nyumba, wao wanakaa majini, wazee kwa vijana, wanazungumza siasa, hali ya hewa, nani kaoa. Mama mmoja mtu mzima aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akaniuliza kwetu tunaimba nini watoto wakilala. Nikamwimbia kidogo, pale pale, mvua inanyesha. Akanyamaza muda, halafu akaniimbia wa kwao. Ningekuwa na wenzangu wawili tungekuwa tunaongea wenyewe kwa wenyewe, na yule mama asingenisemesha. Hili nawaambia wote wanaouliza upweke: saa za upweke zipo, hasa ile saa ya kula jioni. Lakini watu wanamsogelea mtu aliye peke yake.

#9 FundiSpikaLindi

Dada salama? Mimi ni fundi wa mitambo ya sauti hapa Lindi, miaka kumi na kitu kwenye harusi na mikutano. Niambie kuhusu kumbi. Mji ule una watu wangapi hata uwe na tamasha la hivyo?

#10 BintiMikindani

Fundi, swali lako ndilo ninalolala nalo mpaka leo.

Reykjavik ina watu kama 140,000. Nchi nzima hawafiki 400,000. Ukubwa wa mji unakaribiana na manispaa yetu ya Mtwara-Mikindani! Na tamasha lilianza 1999 ndani ya banda la ndege kwenye uwanja mdogo wa ndege wa mjini. Banda. Hawakusubiri kujenga ukumbi wa kimataifa. Walichukua majengo yaliyokuwepo, kanisa, ghala la bandari, jumba la maonyesho la zamani, wakaweka spika. Na wakachagua msimu ambao watalii wamepungua na hali ya hewa ni mbaya, ili mji usife.

Sauti: kila ukumbi una mitambo inayolingana nao. Kanisani spika zilikuwa ndogo mbili tu, zimeinuliwa, na sauti ilijaa bila kuumiza. Nilikumbuka harusi zetu ambapo spika za uwanjani zinawekwa sebuleni. Saa nazo: kama imeandikwa saa mbili na dakika ishirini usiku, wanaanza saa mbili na dakika ishirini. Bendi inapewa kama nusu saa au dakika arobaini, inashuka, nyingine inapanda.

Kasoro ipo: ukumbi ukijaa wanafunga, anatoka mmoja anaingia mmoja, na wewe unasubiri foleni nje kwenye ule upepo. Bendi unayoitaka sana, ingia mapema, sikiliza iliyotangulia. Nilipata bendi mbili nizipendazo kwa njia hiyo, sikuwa nikizijua.

#11 FundiSpikaLindi

Umesema ghala la bandari. Mimi hapa nafikiria maghala ya korosho. Msimu wa minada ukiisha yanakaa wazi miezi. Paa juu, sakafu ya saruji, milango mipana ya kupitisha mitambo. Mwangwi utasumbua kwa sababu ya bati na kuta tupu, lakini ukitundika magunia ya katani ukutani yanakula mwangwi. Nimewahi kufanya hivyo kwenye mkutano mmoja, ilifanya kazi.

#12 MtuWaNewala

Magunia! Fundi umesema la maana. Na ngoma tunazo. Tamasha letu la ngoma za asili, MaKuYa, tayari limeonyesha kwamba Wamakonde, Wamakua na Wayao wakiitwa wanakuja na ngoma zao na watu wanajaa. Kwa nini muziki wa vijana nao usifuate njia hiyo, kidogo kidogo, ghala moja, Boma la Mikindani, ukumbi mmoja wa shule?

#13 BintiMikindani

Fundi, nitumie ujumbe. Nataka kujua gharama ya kuvika ghala moja magunia.

#14 MwanaMitwero

Dada BintiMikindani, shikamoo. Nimesoma uzi wote mara mbili. Mimi ni wa Mitwero, Lindi. Nimepata nafasi ya kusoma Uswidi, naondoka Agosti. Nilipoona hii nikasema nami Novemba nitakwenda, na nitakwenda peke yangu maana kule sijui mtu. Viza itakuwaje? Na koti la namna hiyo nitalipata wapi, huku mitumba ni makoti ya sufu tu yanayonyonya maji. Naogopa kidogo, sitaficha.

#15 BintiMikindani

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa masomo.

Viza: Aisilandi haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu 2001, na Uswidi pia imo. Ukishakuwa na kibali chako cha ukaazi cha Uswidi huhitaji viza nyingine kwa safari fupi. Beba pasipoti na kadi ya ukaazi, vyote viwili. Wengine wanaotaka kutoka Tanzania moja kwa moja wanahitaji viza ya Schengen: ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari ya angalau euro 30,000, na maombi yapelekwe si zaidi ya miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Peleka mapema, siku 15 ni za kubahatisha.

Tiketi ya tamasha inunue mapema, inapanda bei kadiri Novemba inavyokaribia. Ukitua uwanja wa ndege wa Keflavík uko kama kilomita 50 kutoka mjini. Kuna mabasi yanayosubiri ndege, yanachukua kama dakika 45. Huna haja ya kubadilisha fedha kuwa krona, kadi inapokewa kila mahali, hata kununua kipande cha mkate.

Siku ukipata mwanga, tembea ufukweni mpaka Sólfar. Ni sanamu ya chuma cha pua, kama mashua iliyobaki mbavu tupu, imeelekezwa baharini. Wengi wanadhani ni jahazi la Waviking. Aliyeichonga, Jón Gunnar Árnason, alikusudia mashua ya ndoto, ya kulifuata jua. Mimi nilisimama pale nikaona ngalawa inayoundwa ufukweni kwetu kabla haijapigwa mbao. Shika kofia yako, pale upepo hauna huruma.

Kuogopa kupo. Mimi niliogopa kwenye ndege, nikaogopa mlangoni, nikaogopa jioni ya kwanza nikila peke yangu wakati meza zote zina watu wanne wanne. Ile ya mezani ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi. Nilichukua sahani yangu nikaenda kusimama jikoni, na jikoni ndiko nilikopata watu.

Koti usinunue. Langu ninalo hapa, la pili, lile zuri nililolinunua siku ya pili kwa pesa ya kuuma. Huku Mikindani silivai, limetundikwa nyuma ya mlango. Utakuwa unapita Mtwara kabla ya Agosti?

#16 MwanaMitwero

Dada, machozi yamenitoka. Napita mwezi wa saba, shangazi yuko Ligula.

#17 MamaZuhura

Nami nina mzula wa sufu nimefuma mwenyewe, wa kijani. Nitampa shangazi yako wa Ligula, tunaswali msikiti mmoja.

#18 MzeeWaShangani

Binti wa Mitwero, na wewe uwe na kaka wa kumwandikia "nimefika". Kama huna, niandikie mimi hapa, saa kumi alfajiri huwa nimeshaamka.

#19 BintiMikindani

Mzee wangu, Mungu akuweke.

Mdogo wangu, njoo na begi tupu. Koti, sweta mbili za sufu, na glavu zote mbili pea. Pea ya kijivu ina tundu kwenye kidole gumba cha kushoto, nitaishona kabla hujafika. Ndani ya mfuko wa koti utakuta karatasi imekunjwa, ina namba nne zimeandikwa kwa kalamu. Ni za mlango ule. Itupe, uandike yako.